Kwa nini uzi wa tatu wa gitaa la umeme unapasua kuliko wenzake? Historia ya unene wa nyuzi

#1 FundiKigamboni

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwaya kaniletea gitaa lake. Ni Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, ya zile zinazotengenezwa kwa kufuata muundo wa miaka ya 1950. Shida yake: "Fundi, uzi wa tatu unanifunika. Nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), ule mmoja unapasua kuliko wote. Nimebadilisha seti mbili, bado." Alikuwa ameshaambiwa mahali kwamba pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) imekufa, anunue nyingine, na bei kapewa.

Pikapu haijafa. Nikamwambia achungulie zile sumaku sita chini ya nyuzi. Hazilingani. Ya uzi wa nne na ya uzi wa tatu zimechomoza juu, ya uzi wa pili imezama kuliko zote. Akaniuliza kwa nini kiwanda kifanye kazi ya ovyo namna hiyo. Si kazi ya ovyo. Sumaku zile zilipangwa mwaka 1954 kwa ajili ya uzi ambao leo karibu hakuna anayeufunga kwenye gitaa la aina hiyo. Uzi ulibadilika, sumaku zikabaki. Nimeona nilete habari hii hapa maana wengi tunabadilisha nyuzi kila mwezi bila kujua tulifikaje kwenye seti ya 9 na ya 10.

Kwanza tuelewane kwenye namba. Tukisema "seti ya 10" tunataja uzi wa kwanza peke yake, ule mwembamba: ni sehemu 10 za elfu za inchi, kama robo ya milimita. Seti ya 10 ya kawaida inaanzia 10 na kuishia 46. Seti ya 9 inaanzia 9 na kuishia 42. Tofauti ya 9 na 10 kwa macho huioni, ila kidole kinaijua papo hapo.

Sasa turudi Marekani ya miaka ya 1930. Gitaa lilikuwa ndani ya bendi kubwa za jazz, limezungukwa na tarumbeta, tromboni, saksafoni na ngoma. Halina umeme. Mpigaji anataka asikike kwa mbao tupu. Freddie Green, aliyeingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, alipiga ridhim (gitaa la kusindikiza) miaka mingi kwa gitaa kubwa la mbao lenye nyuzi nene zilizoinuliwa juu sana kutoka kwenye shingo. Pale unene ulikuwa na kazi: uzi mzito una nguvu ya kuutikisa ubao wa juu wa gitaa, na ubao ndio unaotoa sauti. Ukifunga uzi mwembamba kwenye bendi ile, unapiga usiku kucha na hakuna anayejua upo.

Kampuni ya Gibson walitoa gitaa la umeme la ES-150 mwaka 1936. Mpigaji Charlie Christian akaionyesha dunia linachoweza kufanya alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939. Tangu siku ile sababu ya nyuzi nene ilikuwa imeondoka, kwa kuwa sasa spika ndiyo inayobeba sauti. Lakini nyuzi hazikubadilika! Watu waliendelea na 12 na 13, na muhimu zaidi kwa mada yetu hii, uzi wa tatu uliendelea kuwa wa kuzungushiwa waya, kama ulivyo wa nne, wa tano na wa sita leo.

Kisha mtengenezaji wa magitaa aitwaye Leo Fender akaja na Telecaster (ilianza kwa jina la Broadcaster mwaka 1950), kisha Stratocaster mwaka 1954. Seti za wakati ule bado zilikuwa nzito na uzi wa tatu umezungushiwa. Pikapu inasikia hasa chuma cha kiini, na uzi wa kuzungushiwa una kiini chembamba, kwa hiyo sauti yake kwenye pikapu ni ndogo. Mafundi wake wakainua sumaku ya uzi wa tatu ili iusogelee. Uzi wa pili ulikuwa mtupu (haukuzungushiwa waya) na mnene, unasikika sana, sumaku yake wakaizamisha. Kwa nyuzi za siku hizo hesabu ilikuwa sahihi kabisa.

Weka leo uzi wa tatu mtupu wa 16 au 17 juu ya sumaku ile ile iliyoinuliwa. Umepata jibu la kijana wa kwaya.

Nitaendelea. Kuna stori ya banjo hapa katikati, ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

#2 BintiPongwe

Naweka kambi. Miaka sita napiga gitaa sikuwahi kujiuliza kwa nini nyuzi tatu ni tupu na tatu zimezungushiwa. Nilidhani ziliumbwa hivyo.

#3 RidhimNamba2

Mkuu shukrani. Ila nina swali: kuna ubaya gani uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa? Gitaa langu la mbao liko hivyo na linalia vizuri tu. Nani aliamua uondolewe?

#4 FundiKigamboni

@RidhimNamba2 hakuna ubaya wowote kama hauuvuti. Mambo yanabadilika pale unapotaka kuuvuta.

Ukiusukuma uzi pembeni kwa kidole unaurefusha kidogo. Kwenye uzi mtupu chuma chote kinabeba mvuto, kwa hiyo urefu ule mdogo unaongeza mvuto mwingi na sauti inapanda haraka. Kwenye uzi wa kuzungushiwa kinachobeba mvuto ni kiini tu. Waya wa nje unaongeza uzito, haushikilii chochote. Unauvuta, unauvuta, sauti inapanda kwa uvivu, na waya ule unakwaruza freti (vile vyuma vya shingoni) njia nzima. Jaribu sasa hivi kwenye gitaa lako la mbao: upandishe uzi wa tatu toni nzima. Kisha ufanye hivyo kwenye gitaa la umeme.

Waliotaka kuuvuta ni wapiga blues, country na rock and roll. Walitaka gitaa lilie kama mtu anayeimba, noti iteleze kutoka hapa kwenda pale, na kwenye miaka ya 1950 madukani hapakuwa na seti ya kuwasaidia. Ndipo banjo inapoingia.

Nyuzi za banjo ni nyembamba. James Burton, kijana wa Louisiana aliyekuja kupiga na mwimbaji Ricky Nelson mwishoni mwa miaka ya 1950, alifunga nyuzi za banjo kwenye Telecaster yake. Ukisikiliza solo zake za wakati ule unasikia noti zinapindwa kwa wepesi ambao wapigaji wengi wa rika lake hawakuwa nao. Vidole vyake vilikuwa vya kawaida, vyuma ndivyo vilivyokuwa vingine.

Wengine waliokuwa na seti moja ya kawaida na uzi mmoja wa banjo walifanya hivi: uzi wa sita, ule mnene kabisa, unatupwa. Uzi wa banjo unafungwa nafasi ya kwanza. Wa kwanza wa seti unahamia nafasi ya pili, wa pili unahamia ya tatu, wa tatu unakwenda ya nne, wa nne unakwenda ya tano, wa tano unakuwa wa sita. Kila uzi umesogea nafasi moja, gitaa zima limekuwa jepesi, na angalieni kilichotokea nafasi ya tatu: umekaa uliokuwa uzi wa pili, na ule ni mtupu. Uzi wa tatu wa kuzungushiwa uliondokea pale, mikononi mwa vijana waliokuwa wakikata na kuhamisha nyuzi vyumbani kwao. Viwanda vilikuja kuwafuata baadaye.

Ujanja huo ulivuka mpaka Uingereza, na kufika katikati ya miaka ya 1960 wapiga blues wa London walikuwa wanavuta nyuzi kwa namna ambayo kwenye seti za 1954 isingewezekana.

#5 Chuma_Kizito

Na Ernie Ball mkuu? Maana mimi najua nyuzi zake za "Slinky" tu tangu nianze.

#6 FundiKigamboni

Nilikuwa nakuja huko. Ernie Ball alikuwa mpigaji wa gitaa la chuma na mwenye duka la magitaa Tarzana, California. Aliona wanafunzi wanateseka na seti ya Fender iliyokuwa ikinunuliwa sana wakati huo, hasa uzi wa tatu wenye unene wa 29, wa kuzungushiwa. Fikirieni 29 nafasi ya tatu! Leo uzi wa nne wa seti ya 10 ni 26. Yaani wanafunzi walikuwa wanaanzia na uzi wa tatu mnene kuliko wa nne wa kwetu.

Akawapelekea Fender wazo la seti nyepesi, hawakulichukua. Akaenda kwa mtengenezaji wa nyuzi akaagiza za kwake. Mwaka 1962 zikatoka Slinky: 10, 13, 17, 26, 36, 46. Hizo namba sita mnazijua kwa kichwa, maana ndizo seti ya 10 ya karibu kila kampuni hadi leo. Uzi wa tatu ni 17 mtupu. Kilichokuwa kinafanyika vyumbani kwa nyuzi za banjo sasa kikawa ndani ya pakiti moja.

Kitu kinachonigusa ni kwamba mwenye kuona shida alikuwa mwenye duka. Alikuwa anatazama mikono ya wanaojifunza. Mpigaji aliyeshazoea 29 haoni shida, vidole vyake vimeshakuwa sugu.

#7 RidhimNamba2

Hapo kwenye vidole sugu ndipo ninapotaka kusimama. Mkuu nakuheshimu, ila huwezi kuniambia uzi wa 9 unatoa sauti kama wa 12. Stevie Ray Vaughan, yule wa blues, alifunga 13! Sikiliza sauti ile halafu sikiliza hawa wa 9, sauti nyembamba kama mbu. Uzi mnene ni kazi, ndiyo maana watu wanaukimbia. Mimi mwaka jana nilifunga 13, vidole vikapasuka wiki mbili, nikavumilia.

#8 FundiKigamboni

@RidhimNamba2 ndugu yangu, naomba tuliongee hili kwa makini maana nimeona vijana wengi wakijiumiza kwa ajili yake. Mmoja alikuja kwangu mwezi uliopita shingo ya gitaa imejipinda kama upinde, kafunga 13 kwenye gitaa lililoandaliwa kwa 9, kaikaza mpaka sauti ya kawaida na hakugusa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo.

Ni kweli Stevie alifunga 13, na uzi wa sita alifunga 58. Lakini wanaosimulia habari hiyo huwa wanasahau nusu yake: alikuwa anatyuni nusu toni chini. Tupige hesabu. Uzi mtupu wa 10 kwenye gitaa la Fender, ukityuniwa kawaida, unabeba mvuto wa kama kilo 7.3. Wa 9 ni kama kilo 6. Wa 13 ungekuwa zaidi ya kilo 12. Ukishusha nusu toni mvuto unapungua kwa asilimia 11 hivi, unabaki kama kilo 11. Bado ni mzigo mkubwa, karibu mara mbili ya wa 9. Vidole vyake viliumia kweli, inajulikana alikuwa anaziba ngozi kwa gundi ili aendelee kupiga, na kuna vipindi alilazimika kushuka kwenye nyuzi nyepesi zaidi. Alikuwa na mikono mikubwa yenye nguvu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga kwa nguvu ambayo uzi wa 9 ungetoka nje ya sauti kila pigo. Nyuzi zile zilikuwa saizi ya mkono ule.

Ongeza na jambo la urefu. Gitaa la Fender lina urefu wa uzi wa milimita 648, Gibson nyingi zina 628 hivi. Uzi ule ule ukihamishwa kwenye gitaa fupi unalegea kwa asilimia kama 6. Kwa hiyo mtu wa Les Paul ya Gibson akikwambia "mimi nafunga 10" na mtu wa Stratocaster akikwambia "na mimi 10", mikono yao haihisi kitu kimoja.

Sasa chukua upande wa pili. B.B. King, mpiga blues mwenye sauti ya kulia kuliko wote, alifunga 10 juu, na 54 chini. Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top, anasimulia kwamba alipokuwa kijana alikuwa na imani kama yako, nyuzi nene ndiyo sauti. Siku moja B.B. King akaliomba gitaa lake, akalipapasa, akamuuliza kwa nini anajitesa namna ile. Gibbons akaanza kushuka, leo anafunga 7. Saba! Sauti yake ni nzito, inajaza ukumbi.

Kwenye gitaa la umeme unene unabadilisha vitu, sikatai. Uzi mnene unapelekea pikapu nguvu zaidi, hauyumbi ukipigwa kwa nguvu, unatulia ukityuniwa chini. Lakini uzito wa sauti unaupata pia kwenye ampli, kwenye pikapu, na zaidi ya yote kwenye mkono unaopiga. Freddie Green hakuwa na pa kwingine pa kuutolea, wewe unapo.

#9 BintiPongwe

Asante sana kwa hili. Nimeambiwa mara nyingi na wanaume kwenye bendi kwamba nikifunga 9 "sijawa mpigaji". Nilihamia 11 kwa ajili ya maneno yao na kifundo cha mkono kikaanza kuuma, nikaacha kupiga miezi miwili. Nimerudi 9 na ninavuta noti ambazo nilikuwa siwezi kuzifikia. Ningeisoma post namba 8 mapema ningeokoa hiyo miezi.

#10 Chuma_Kizito

Wakuu mtu wa kutajwa hapa ni Tony Iommi wa Black Sabbath. Nimemfuatilia sana.

Alikuwa kijana wa Birmingham, kiwandani kwenye mashine ya bati. Mwaka 1965, ana miaka 17, mashine ikakata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya kuvaa kwenye vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, juu akabandika ngozi. Kwa vikofia hivyo huhisi uzi, na nyuzi nene zilikuwa hazibaniki. Akatumia nyuzi nyepesi, hata za banjo, na akazunguka kwenye makampuni kuomba watengeneze seti nyepesi. Walimwambia hakuna atakayenunua. Kampuni ya Picato ya Wales ndiyo iliyokubali.

Kufika mwaka 1971 akawa anatyuni toni moja na nusu chini, nyuzi zilegee zaidi. Sasa angalieni: muziki mzito kuliko wote wa wakati ule ulitoka kwenye nyuzi nyepesi zilizolegezwa, na ulianza na mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kupiga bila maumivu. Mimi nikimsikiliza huwa nakumbuka zile chupa.

#11 FundiKigamboni

@Chuma_Kizito umemaliza kila kitu. Naongeza kidogo tu kwamba waliomfuata walipeleka jambo lile upande mwingine. Waliotaka kushuka chini zaidi yake na bado wapige kwa kasi na usafi waligundua uzi mwembamba ukilegezwa sana unapepea. Ndipo nyuzi za chini zikaanza kunenepa tena: seti za 10 juu na 52 chini, kisha gitaa la nyuzi saba la Ibanez mwaka 1990, bendi ya Korn wakalichukua wakalishusha zaidi, kisha nyuzi nane. Miaka ya 1980 kila mtu alikuwa anashuka kwenye 9 na 8 kwa ajili ya kasi, miaka ya 1990 wengine wanapanda. Yngwie Malmsteen, mpigaji wa kasi, alikuwa na 8 juu na karibu 48 chini kwa wakati mmoja. Hakukuwa na njia moja iliyonyooka.

#12 MzeeWaSolo

Vijana hamjambo. Nimesoma mjadala wote nimefurahi.

Mnazungumza mambo ya kuchagua 9 au 10. Sisi miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 kwenye bendi, hapa nyumbani, hatukuwa na namba. Ulikuwa na nyuzi au huna. Seti ikija na mtu aliyesafiri, mnagawana: solo anachukua za juu, ridhim anachukua zilizobaki. Uzi wa kwanza ukikatika kwenye kile kifundo cha mwisho, unaufungua, unausokota upya mwishoni, unaurudisha. Besi tulikuwa tunazichemsha kwenye sufuria ya maji ili zitoe jasho na uchafu, zikikauka zinalia tena kwa siku chache. Nilipokuwa mdogo kabla ya bendi nilijifunzia gitaa la kuchonga, nyuzi zake ni waya mmoja mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Zote unene mmoja! Unatafuta sauti kwa kukaza na kulegeza tu. Vidole vilipasuka, lakini hatukuita ushujaa, tulikuwa hatuna kingine.

Sasa jambo ninalotaka kuwaongezea. Kuna mahali hapa kwetu Afrika unene wa uzi ulibadilishwa kwa makusudi, na si kwa ajili ya kuvuta. Nani anaijua mi-composé?

#13 Lushois

Mzee wangu, naijua! Ni ya kwetu Kongo. Naomba niieleze, na wewe utanisahihisha.

Katika rumba ya Kongo magitaa yako matatu mbali na besi: akompa (ridhim), solo, na katikati yao mi-composé, ndiyo wengine wanaiita mi-solo. Gitaa la mi-composé unatoa uzi wa nne, ule mnene wa kuzungushiwa, ré. Mahali pake unafunga uzi mwembamba wa kwanza, mi. Unautyuni ré, lakini ré ya juu, oktavu moja juu ya ile uliyoitoa. Na ni rahisi kwa uzi, kwa sababu ré ya juu iko toni moja tu chini ya mi, kwa hiyo uzi umelegea kidogo, haukatiki.

Matokeo yake mkono wako unabana kodi zile zile unazozijua, vidole haviendi popote pageni, lakini katikati ya kodi inatoka noti ya juu inayometa ambayo gitaa la kawaida haliwezi kuitoa mahali pale. Ukilipiga kati ya solo na akompa, magitaa matatu hayagongani, kila moja lina njia yake. Sebene ikianza unaisikia ile sauti inazunguka kama maji.

#14 MzeeWaSolo

Ahsante mwanangu, hakuna cha kusahihisha. Naongeza la kifundi tu: ule uzi mwembamba ukiulaza kwenye mfereji uliochongwa kwa uzi mnene, pale kichwani mwa shingo, unacheza na kupiga kelele. Sisi tulikuwa tunakunja kipande cha karatasi tunakiweka chini yake. Tuliipenda sauti ile mpaka gitaa likawa halirudi tena kwenye hali ya kawaida, linakaa hivyo mwaka mzima.

#15 BintiPongwe

Nimeacha kazi zote, nimefunga uzi wa kwanza nafasi ya nne sasa hivi. Jamani. Miaka yote nasikia sauti ile kwenye redio nikidhani ni watu wawili wanapiga.

#16 FundiKigamboni

@MzeeWaSolo shikamoo. @Lushois asante sana. Hili la mi-composé nalijua kwa masikio, nilikuwa sijawahi kuliunganisha na habari ya Burton na banjo. Ni tendo lile lile, uzi mwembamba kwenda nafasi ambayo kiwanda hakikuupangia, ila nia ni nyingine kabisa. Kule Marekani walitaka noti moja iteleze. Kongo walitaka magitaa matatu yapishane.

Nirudi kwa walioniuliza inbox kuhusu kubadilisha seti, nijibu mara moja hapa.

Seti ya 9 yote kwa pamoja inavuta shingo kwa kama kilo 38, seti ya 10 kwa kama kilo 46. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine umeongeza au umeondoa kilo 8, shingo lazima ijipange upya, kwa hiyo rekebisha fimbo ya ndani robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri. Kama gitaa lina daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa) linaloelea kwa springi, springi nazo zikazwe au zilegezwe. Kisha hakikisha sauti ya freti ya 12 inalingana na ya uzi wazi uliopandishwa oktavu. Uzi wa tatu ndio utakaokusumbua zaidi. Mtupu unataka kisahani chake (kile kipande cha daraja kinachobeba uzi) kirudi nyuma, wa kuzungushiwa unataka kisogee mbele. Kuna madaraja ya zamani ya kipande kimoja yaliyochongwa kwa ajili ya uzi wa tatu wa kuzungushiwa, ukifunga mtupu huwezi kuutyuni sawasawa shingo nzima hata ufanye nini. Ni kama zile sumaku, chuma kimehifadhi historia.

Na kwa tuliopo pwani: kutu inakula nyuzi kuliko kupiga. Zilizopakwa utando, zilizoanza kuuzwa mwaka 1997 na Elixir, zinadumu zaidi kwenye hewa ya chumvi. Ni ghali, ila kwa anayepata seti kwa tabu naona zinalipa. Usipozipata, kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

#17 RidhimNamba2

Mkuu nimekaa na post namba 8 siku mbili. Nimetoa 13, nimefunga 11, nimeshusha nusu toni. Sikuwa nimejua habari ya kushusha. Mkono umepumua. Sauti ipo.

#18 Mwanakwaya_Iringa

Shikamooni wote. Mimi ndiye mwenye gitaa la post namba 1, fundi kanitumia kiungo.

Nilikuwa nataka kuuliza, je, nizisukume zile sumaku kwa bisibisi zishuke zilingane? Nimeona mtu anafanya hivyo kwenye video.

#19 FundiKigamboni

USISUKUME. Kwenye pikapu za muundo ule waya wa koili, mwembamba kuliko unywele, umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Ukiisukuma sumaku unaukata, na hapo ndipo pikapu itakapokufa kweli.

Una njia mbili. Ya kwanza, shusha pikapu nzima kidogo upande wa nyuzi nyembamba, utapata nafuu ila si yote. Ya pili, kwa kuwa uliniambia unapiga kodi za kusindikiza na huvuti uzi wa tatu hata siku moja: funga uzi wa tatu wa kuzungushiwa. Seti nyingi za jazz za 11 na 12 bado zinakuja nao. Uzi wenyewe ni 20 au 22 hivi. Kisogeze kisahani mbele kidogo.

#20 Mwanakwaya_Iringa

Nimefanya leo mchana, wa 20 wa kuzungushiwa. Nimekipeleka kisahani mbele kama milimita mbili mpaka freti ya 12 ikakubali. Nimepiga mazoezi ya jioni na kwaya. Nyuzi sita zinatoka sawa, hakuna unaomfunika mwenzake. Mwalimu wa kwaya kaniuliza kama nimenunua gitaa jipya.

#21 BintiPongwe

@Mwanakwaya_Iringa rekodi utuwekee tusikie.

#22 Mwanakwaya_Iringa

Jumapili baada ya ibada.